Mfenesi Uliofika Mahakamani

Mama yangu alikata mfenesi. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililobaki. Kesi yetu ilikuwa na ukame, mafuriko, wataalamu wa hali ya hewa, na kampuni ya mafuta na gesi yenye visima katika nchi ambazo hata kuzitamka siwezi. Lakini ukimuuliza leo mtu wa kijijini kwetu Vihingo kesi ile ilihusu nini, atakwambia ilihusu mfenesi wa mama yangu.

Mti wenyewe ulikuwa mpakani, kati ya shamba letu na la shangazi, dada yake marehemu baba. Aliupanda bibi, mama yao. Ulikuwa na mafenesi matamu, sikatai, lakini kivuli chake kiliangukia upande wetu, na mihogo iliyokuwa chini yake ilirefusha mashina tu, ukiing'oa hukuti kitu. Mama alivumilia miaka, akachoka, akamwita mtu mwenye msumeno siku ambayo wifi yake alikuwa amekwenda Kisarawe mjini. Hakumwambia. Shangazi aliporudi jioni alikuta kisiki. Hakuwa mtu wa kunong'ona, kwa hiyo alichosema kilisikika mpaka kisimani.

"Umekata kivuli cha mama yangu," alisema. "Na mvua nayo itakukata wewe."

Sisi watoto, watu wazima wenye watoto wetu, tulicheka tuliposimuliwa. Shangazi ndivyo alivyokuwa. Aliwahi kumlaani hata fundi cherehani kwa kumharibia gauni la Idi, na fundi yule yupo mpaka leo, amenenepa. Ila mwaka uleule shangazi aliugua ghafla akafa, kabla yeye na mama hawajaombana radhi. Na vuli iliyofuata haikunyesha.

Niseme jinsi mambo yalivyo kwetu, ili nieleweke. Mvua ikichelewa, watu hutoka kwenda uwanjani kuswali na kumwomba Mungu. Lakini kabla ya swala hiyo kila mtu hupita nyumba kwa nyumba kuomba radhi, kwa sababu dua ya watu wenye vinyongo haipandi. Unapiga hodi, unasema, "Niwie radhi," mwenzako anajibu, "Nimekuwia radhi," unakwenda nyumba ya pili. Husemwa harakaharaka, hata na watu ambao hawajawahi kukoseana zaidi ya kuazimana chungu. Kukataa ni jambo zito mno. Sijapata kuona mtu aliyekataa. Mama alipita nyumba zote kijijini mwaka ule, na nyumba moja aliyoihitaji ilikuwa na kufuli.

Vuli iliyofuata ikakosekana tena. Masika yakaja kwa hasira, yakajaza bonde usiku mmoja, yakachukua mpunga wote na ukuta wa jiko, na mihogo ikaozea ardhini hadi ukipita unaisikia harufu. Mvua nyingine ikaja wakati mikorosho imetoa maua, wakati ambao haina kazi yoyote ya kufanya huku kwetu, na maua yakadondoka. Mimi wakati huo nilikuwa natunza stoo katika kiwanda cha nondo Zegereni, na bado niko hapohapo. Kila mwisho wa mwezi nilinunua unga Kibaha nikampelekea mama, mkulima mzima. Siku hizo nilikuwa na hasira za bure, nikimfokea kila mtu aliyeniuliza habari za shamba.

Kilichonikera zaidi hakikuwa njaa. Ni kwamba mama aliamini mvua ile ni yake. Kata nzima ilikuwa kavu, na yeye alitembea ameinamisha kichwa kama mtu aliyeiba mbuzi wa jirani. Alikwenda kukaa kaburini kwa shangazi, akang'oa majani, akaongea peke yake. Nilimwambia aje akae nami Kibaha. Alisema hawezi kuondoka na jambo halijakwisha. Siku moja nikashindwa kujizuia.

"Mama, hata Chalinze haikunyesha," nilimwambia. "Na Chalinze nako ulikata mfenesi?"

"Weye hujui dhambi inavyotambaa," alinijibu, akaendelea kupepeta unga wangu.

Ndipo alipokuja wakili. Alikuwa msichana, au niseme mwanamke kijana, kutoka ofisi ndogo ya Dar es Salaam, na viatu vyake havikuwa vya Vihingo. Aliitisha mkutano katika darasa la shule ya msingi siku ya Jumamosi. Nilikwenda nikiwa nimekunja uso, kwa sababu nimewaona wengi wanaokuja na maji ya chupa na kuondoka na picha. Alieleza kwamba mafuta, gesi na makaa ya mawe yakichomwa hutoa moshi usioonekana, na kwamba moshi huo umeifunika dunia kama blanketi analofunikwa mtu mwenye homa. Joto halitoki. Mvua inapoteza njia yake na wakati wake. Akasema kampuni fulani kubwa, yenye ofisi hapa nchini, imechimba na kuuza mafuta na gesi kwa miaka mingi huku ikijua hayo, na kwamba sheria inamruhusu aliyeumia kumshtaki aliyemuumiza.

Mama alikuwa amekaa dawati la nyuma, magoti yamembana. Alinyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Hao wenye moshi, wanajua?" aliuliza.

"Wanajua, mama. Wataalamu wao wenyewe waliwaambia zamani."

Watu wengine waliuliza habari za fidia, lini, kiasi gani, nani ataandikishwa. Mimi nilikuwa namtazama mama. Alikuwa akitikisa kichwa polepole, na midomo yake ilikuwa inacheza. Tulipotoka nje ndipo nilipoyasikia maneno yenyewe.

"Kumbe si mie," alisema.

Siwezi kueleza alivyobadilika. Alianza kula. Alianza kuwatania majirani, jambo ambalo hakulifanya tangu shangazi afe. Alikwenda kaburini akamweleza wifi yake habari ya moshi, kwa sauti, na aliporudi alisema amemwambia kwamba wote wawili walionewa. Wakili alipotafuta watu wa kutoa ushahidi, mama alikuwa wa kwanza kusimama. Mimi, ambaye nalala na kuamka nikiyaona malori ya makaa ya mawe yanayoingia kiwandani kwetu, ambaye najua mshahara wangu unatoka wapi, nilianza kuamini. Nilijionea aibu kidogo kwa kuamini, lakini niliamini.

Tatizo lilikuja wakati wa kumwandaa. Wakili alikuja nyumbani, akakaa kwenye mkeka, akamweleza mama kuwa upande wa pili utamuuliza maswali ya kumtega, na kwamba inafaa wayapitie pamoja. Mama alimsikiliza kwa adabu zote, akamwekea chai na mihogo, kisha akamwambia kuwa mtu anayefanya mazoezi ya kusema kweli anajifunza uongo. Wakili alinitazama mimi. Nikajaribu. Mama alisema ataulizwa, atajibu, basi. Wanawake wa kwetu wa umri wake ndivyo walivyo: wakiapa kwa jina la Mungu, hata kukohoa kwa uongo wanaogopa.

Kesi ilisikilizwa Kibaha. Kabla ya hapo tulipitishwa kwenye usuluhishi, kama utaratibu unavyotaka, na kampuni ikasema haina cha kusuluhisha kwa sababu moshi hauna chapa ya mwenyewe. Kwa hiyo tukaingia mahakamani. Niliomba ruhusa kazini nikasema nauguza, na kwa namna fulani haikuwa uongo. Mama alivaa khanga mpya, doti niliyomnunulia mwenyewe, na baibui lake la kwenda harusini.

Wakili wa kampuni alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye Kiswahili kizuri cha mtu aliyelelewa na bibi yake. Alianza kwa kumwamkia mama shikamoo mbele ya mahakama nzima, na mama akamjibu marahaba mwanangu kwa furaha. Pale pale nikajua tumekwisha. Mtu mkorofi mama angemweza.

Alimuuliza amelima miaka mingapi, analima nini, vuli ya zamani ilikuwaje. Mama alijibu vizuri, na wakili wetu akawa anaandika huku akitabasamu. Kisha yule bwana akashusha sauti.

"Mama, wewe ni mtu wa swala tano. Hebu tuambie, mvua huileta nani?"

"Mwenyezi Mungu."

"Na ikizuiliwa, huizuia nani?"

"Mwenyezi Mungu," mama alisema, na akashangaa kidogo, kama mtu aliyeulizwa jina lake na jirani.

Alitaka mama ajibu nini? Nimelifikiria swali hilo mara nyingi nikiwa stoo nahesabu nondo. Aseme mvua inaletwa na kampuni? Angekufuru, na angekuwa ameapa. Wakili wa kampuni alijua hivyo, kwa sababu naye, nadhani, ni mtu wa swala tano. Hakuna mtu wa mbali ambaye angeweza kulitunga swali lile. Lilitungwa na mtu wetu.

Halafu akauliza kama mama amewahi kukata mti. Lilikuwa swali la kawaida tu, alilipanga kwa kila shahidi, ili aje kusema kwamba wananchi wenyewe ndio wanaomaliza misitu kwa kuni na mkaa. Shahidi wa pili, aliyemfuata mama, alilijibu kwa kusema amekata vijiti vya kuni, likaisha. Mama angeweza kusema hivyohivyo. Lakini mama aligeuka nyuma. Alinitafuta kwa macho pale nilipokaa, akaniona, na uso wake ukabadilika.

"Nilikata mfenesi," alisema.

Wakili wa kampuni alikuwa ameshageuka kwenda kukaa. Akarudi.

"Kuna mtu aliyelalamika?"

"Wifi yangu."

"Alisema nini?"

"Alisema mvua itanikata."

Watu wakacheka. Si wengi, lakini walicheka, hata wa upande wetu, na jaji akagonga meza akawaonya. Bwana yule akainama kidogo kwa heshima, akasema ni hayo tu Mheshimiwa, akaenda kukaa. Mama alibaki amesimama ameshika ncha ya khanga.

Wakili wetu alisimama kujaribu kuokoa. Msichana yule alikuwa hodari, sitaki mtu aseme vinginevyo. Alimuuliza mama swali ambalo hadi leo naliona ndilo swali bora lililoulizwa mle ndani. Alimuuliza: nyumba ikiungua, na moto ameuumba Mungu, je, aliyeuwasha hana hatia? Wakili wa kampuni akapinga, akasema shahidi anawekewa jibu mdomoni. Jaji akafikiri, akakubaliana naye, akamwambia mama asijibu. Mama alikuwa ameshafungua mdomo. Aliufunga. Jibu lile alishuka nalo kizimbani, na hakuna aliyemuuliza tena.

Baada ya hapo walikuja wataalamu. Wa kampuni walisema hali ya hewa ina sababu nyingi. Wa kwetu nao walikuwa waaminifu, na hilo ndilo lililokuwa balaa. Walisema moshi unatoka kwa wengi, kampuni ile ina sehemu yake, na sehemu yake ni kubwa, lakini hawawezi kuapa kwamba vuli fulani ya Vihingo ilikosekana kwa moshi fulani. Kila mtu aliyesimama upande wetu alisema kweli tupu, na kila kweli ilitutoboa. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, walisema wahenga. Watu wa siku hizi wamejifunza nusu ya kwanza.

Ningependa kusema kesi ya ngedere ilipelekwa kwa nyani, lakini ningemsingizia jaji. Alikuwa mtu mstaarabu, alisikiliza, hakusinzia. Siku ya hukumu alisoma taratibu, na kwa Kiswahili. Ni jambo jema sana hukumu kusomwa kwa Kiswahili, nimelisema hilo hata kazini. Ila siku ile nilitamani ingesomwa kwa Kiingereza, ili nikae pembeni ya mama nimtafsirie ninavyotaka mimi. Alisikia yote. Alisikia kwamba mahakama inawapa pole wadai kwa madhara waliyoyapata. Alisikia kwamba madai dhidi ya kampuni hayakuthibitika. Na alisikia kwamba shahidi wa kwanza, mwanamke mzee na mkweli, yeye mwenyewe ameeleza kuwa mvua ni ya Mungu, na amekiri kukata mti.

Nje, wakili wetu alitukusanya chini ya ukuta penye kivuli. Macho yake yalikuwa mekundu. Alisema tutakata rufaa, na kwamba kwingineko duniani kesi kama hizi zimeshindwa mara nyingi kabla ya moja kushinda. Nadhani alisema kweli. Watu wa kijijini walimshukuru, wakaanza kuulizana habari za usafiri. Mama alikuwa amesimama kando. Nilimfuata nikamshika mkono, na mkono ulikuwa wa baridi mchana ule wa jua kali.

"Basi ni mie," alisema.

Nilimweleza. Nilimweleza pale, nikamweleza njiani, nikamweleza nyumbani. Nilimwambia mahakama haikusema ni yeye. Imesema tu haikuona ushahidi wa kutosha kwamba ni wao. Nikamwambia hivyo ni vitu viwili tofauti, kila mwanasheria anajua. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa upole, kama alivyomsikiliza wakili.

"Kama si wao," aliniuliza, "nani mwingine alitajwa mle ndani?"

Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia kwa hasira, na nilipomaliza kulia hasira ilikuwa palepale. Kwa miaka ile michache mama alikuwa na mtu wa kumlaumu, mtu wa mbali, tajiri, asiyejua hata jina lake, na lawama ile ilikuwa imemponya. Tulikwenda mahakamani kutafuta fidia ya mpunga. Tukarudi tumenyang'anywa hata hiyo lawama.

Wiki iliyofuata alianza kupita nyumba kwa nyumba. Haukuwa msimu wa kuomba mvua, wala Ramadhani haikuwa karibu, lakini alipiga hodi kila mlango. Watu walimjibu kama desturi ilivyo, nimekuwia radhi, nimekuwia radhi, bila kuuliza ni kwa lipi. Nilitamani mmoja tu aulize. Imamu peke yake ndiye aliyemkalisha chini akamwambia kwamba Mungu hawanyimi watu wa kata nzima mvua kwa sababu ya mfenesi. Mama alimshukuru sana, kisha akamwomba radhi na yeye.

Alipomaliza kijiji, alinipigia simu akasema nije nimchukue. Miaka yote nilikuwa nikimbembeleza ahamie kwangu, na sasa alikubali kwa sentensi moja. Nilidhani amechoka. Alipokuwa anafunga nguo zake katika shuka ndipo aliponieleza, kwa sauti ya mtu anayepanga safari ya kawaida, kwamba si haki majirani waendelee kukosa mvua kwa sababu yake yeye kukaa pale.

Anaishi nami hapa Kibaha, chumba cha pili. Ni mgeni mzuri, ndiyo, mgeni, kwa sababu anaomba ruhusa hata kuwasha jiko. Jiko letu ni la gesi. Malori ya makaa yanapita barabarani kwenda Zegereni, na anapofagia uwanja asubuhi husimama kupisha vumbi lake. Sijawahi kumwambia yanabeba nini. Nadhani anajua.

Vuli ya mwaka ule ilinyesha Vihingo. Ilinyesha vizuri, kwa wakati wake, kama ya zamani. Jirani alipiga simu mchana, nikaweka sauti kubwa ili mama naye asikie, kabla sijajua ni habari gani. Jirani alikuwa na furaha, alisema bonde limelowa, watu wote wako mashambani, na hata kile kisiki cha mfenesi kimechipua. Mama alisema alhamdulillahi mara nyingi. Alimuulizia kila mtu, akawaombea wote mavuno mema, na alimaanisha.

Simu ilipokatika nilianza kusema haraka. Nilisema vuli moja si ushahidi, kwamba mwaka mmoja hauthibitishi kitu, kwamba hata wataalamu wetu walisema hivyo kizimbani. Nilijisikiliza mwenyewe, nikagundua nazungumza maneno ya wakili wa kampuni.

Mama alikuwa anachambua mchele. Aliweka ungo chini, akafuta mikono, akanigeukia.

"Niwie radhi, mwanangu," alisema. "Kwa miaka yote ile mliyoteseka kwa ajili yangu."

Nilitaka kukataa. Nilitaka kumwambia hana kosa, sina cha kumsamehe. Lakini kwetu mtu akiomba radhi usipomjibu umemfunga, na yeye alikuwa akinitazama usoni, akisubiri.

Nikamwambia nimekuwia radhi.